Shati la Bei Rahisi Hulipiwa na Nani?

Jumapili asubuhi, katika nyumba nyingi za mjini, ndio wakati wa kupiga pasi. Nguo za wiki nzima zilifuliwa jana, zikaanikwa uani, na sasa zimerundikwa juu ya kiti zikingoja zamu yao: sare za watoto, gauni la mama la kazini, shati la baba. Katika shughuli hiyo ya kawaida kabisa, mwandishi wa makala haya aliulizwa na mwanawe swali ambalo hakuweza kulijibu papo hapo.

Mtoto alikuwa ameshika shati jeupe lililonunuliwa mitumbani. Alipoligeuza ndani nje, kama alivyofundishwa na mama yake, akaona lebo ndogo iliyoshonwa chini ya ukosi. Maandishi yalikwisha kufifia, lakini jina la nchi lilisomeka.

"Baba, Bangladesh ni wapi?"

"Ni nchi ya Asia, mwanangu, jirani na India."

"Kumbe mbali! Sasa mbona ni rahisi kuliko la fundi wetu pale barazani?"

Ndugu msomaji, swali hilo si la kitoto. Fundi wa barazani hanunui tikiti ya meli. Kitambaa chake kimetoka dukani mtaa wa pili, na yeye mwenyewe anakaa umbali wa hatua mia moja kutoka mlangoni kwetu. Shati la Bangladesh limevuka bahari, limetundikwa katika duka la Ulaya au Marekani, limevaliwa na mtu tusiyemjua, likafungwa katika robota, likavuka bahari tena, likachambuliwa sokoni, ndipo likafika nyumbani. Na bado ni rahisi! Ni kweli kwamba mitumba ni rahisi kwa kuwa imekwisha kuvaliwa. Lakini hata lilipokuwa jipya, huko dukani Ulaya, shati la namna hiyo liliuzwa kwa fedha ambazo mwenyeji wa kule huzitumia kwa chakula kimoja cha mchana. Yafaa tujiulize: ikiwa mnunuzi hakulipa gharama yote, nani aliyelipa iliyobaki?

SAFARI YENYE MIKONO MINGI

Msukuma wa Shinyanga, Simiyu au Mwanza hana haja ya kuelezwa shati linaanzia wapi. Yeye anaijua jasho ya kupalilia pamba, kuinyunyizia dawa, kuichuma na kuibeba hadi kwenye mizani. Pamba hiyo huchambuliwa ili kutenga mbegu na nyuzi, na nyuzi zikafungwa marobota. Sehemu kubwa ya nyuzi za Tanzania huuzwa nje zikiwa bado ghafi, na nyingi huelekea Asia. Nchi ya Bangladesh yenyewe hulima pamba kidogo mno. Viwanda vyake hununua pamba kutoka India, Marekani, Brazil na Afrika.

Baada ya hapo nyuzi husokotwa, hufumwa kitambaa, hutiwa rangi, hukatwa na kushonwa. Fundi wetu wa barazani hushona shati zima kuanzia ukosi hadi pindo, na ukimpelekea shati mwaka ujao ataitambua kazi ya mkono wake. Katika kiwanda kikubwa mambo si hivyo. Wafanyakazi hupangwa mstari. Huyu hushona mkono wa kulia tu, yule hutia vifungo tu, mwingine hukunja pindo tu, maelfu kwa maelfu ya pindo, kutwa nzima. Shati moja hupita katika mikono ya makumi ya watu, wala hapana hata mmoja wao awezaye kusema, "Hili nimelishona mimi."

Hali kadhalika kwa upande wa wakubwa. Kampuni ambayo jina lake limeandikwa kwenye lebo, mara nyingi haina shamba, haina kinu cha nyuzi, haina hata cherehani moja. Mali yake ni jina, mchoro wa nguo na maduka. Kampuni hiyo humpa wakala oda, wakala akampa mwenye kiwanda, na mwenye kiwanda akizidiwa na kazi humgawia mwenzake mdogo wa uchochoroni. Mlolongo huo ndio uitwao mnyororo wa ugavi. Una faida zake, kwani umewapa ajira mamilioni ya watu. Lakini pia una siri moja kubwa: kila pete ya mnyororo huo yaweza kuinyoshea kidole pete inayofuata.

USIPOZIBA UFA

Waswahili husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuna mahali ambapo methali hiyo ilitimia kwa namna ya kutisha, neno kwa neno. Mahali hapo panaitwa Savar, nje kidogo ya Dhaka, mji mkuu wa Bangladesh.

Hapo palikuwa na jengo lililoitwa Rana Plaza. Lilikuwa na ghorofa nane, na ya tisa ilikuwa ikijengwa. Chini palikuwa na maduka na tawi la benki, na juu palikuwa na viwanda vitano vya kushona nguo. Jengo hilo lilikuwa limekusudiwa maduka na ofisi, si viwanda. Sehemu ya ardhi liliposimama ilikuwa bwawa lililofukiwa. Ghorofa za juu ziliongezwa bila kibali kinachostahili, kisha zikapandishwa mashine nzito pamoja na jenereta kubwa za umeme.

Jumanne, tarehe 23 Aprili 2013, nyufa kubwa zilionekana katika nguzo na kuta. Mhandisi aliitwa, akatazama, akasema jengo si salama. Watu wakatolewa nje. Siku ya pili yake, Jumatano asubuhi, benki haikuwaita watumishi wake kazini, na maduka ya chini yalibaki yamefungwa. Lakini wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliamriwa kupanda juu. Oda zilikuwa zimechelewa. Wengine waliambiwa kwamba asiyeingia atakatwa mshahara wa mwezi. Kima cha chini cha mshahara wao wakati huo kilikuwa taka 3,000 kwa mwezi, takriban dola 38 za Kimarekani. Mama mwenye watoto na kodi ya chumba hawezi kuupoteza mshahara huo. Wakaingia.

Yapata saa tatu ya asubuhi umeme ulikatika. Jenereta za ghorofani zikawashwa, jengo likatikisika, na katika muda usiozidi dakika mbili ghorofa zote zikalaliana kama vitabu vilivyoanguka. Watu 1,134 walikufa, wengi wao wasichana na akina mama. Wapatao 2,500 waliokolewa wakiwa hai, baadhi yao wakiwa wamekatwa mkono au mguu ili waweze kutolewa chini ya zege. Msichana mmoja alitolewa mzima baada ya siku 17. Kwa wiki nyingi ndugu walisimama kando ya kifusi, picha za wapendwa wao zikiwa mikononi.

Tafadhali zingatia jambo moja, ndugu msomaji. Asubuhi ile ndani ya jengo lile lile palikuwa na ujuzi wa aina moja: wote waliziona nyufa, wote walisikia maneno ya mhandisi. Mtumishi wa benki alibaki nyumbani akapona. Mshonaji aliingia akafa. Tofauti baina yao haikuwa elimu wala bahati. Mmoja mwajiri wake hakumshurutisha, na mwingine hakuwa na uwezo wa kukataa.

LEBO KATIKA KIFUSI

Miongoni mwa zege na vyuma vilivyopinda, wapiga picha na wanachama wa vyama vya wafanyakazi walianza kuokota vitu vidogo: lebo za nguo na makaratasi ya oda. Majina yaliyosomeka yalikuwa ya kampuni zinazojulikana Ulaya na Marekani.

Hapo ndipo wimbo wa "si mimi" ulipoanza. Kampuni ya Benetton ya Italia kwanza ilisema kwamba viwanda vya jengo lile havikuwa wauzaji wake. Picha za nguo zenye jina lake zilipotoka katika kifusi, ikabidi ikiri kwamba oda yake ilipita hapo. Mwaka 2015 ilichangia dola milioni 1.1 katika mfuko wa fidia. Wengine walisema wakala aliwapeleka bila wao kujua. Wengine walisema oda yao ilikwisha zamani. Na wako waliojitokeza mapema wakalipa. Mfuko huo, uliosimamiwa na Shirika la Kazi Duniani, ulikusudia kukusanya dola milioni 30, na fedha hizo zilitimia Juni 2015, zaidi ya miaka miwili baada ya mazishi.

La kusikitisha zaidi ni kwamba viwanda viwili katika jengo lile vilikuwa vimekwisha kukaguliwa kwa niaba ya wanunuzi wa ng'ambo. Wakaguzi walikuja na orodha zao za maswali kuhusu saa za kazi na umri wa wafanyakazi. Uimara wa jengo haukuwamo katika kazi waliyotumwa. Basi cheti kilikuwapo, na nguzo zilikuwa zikipasuka.

Tena huu haukuwa msiba wa kwanza. Miezi mitano tu kabla ya hapo, tarehe 24 Novemba 2012, kiwanda cha Tazreen katika eneo la Ashulia, karibu na Savar, kiliungua, na watu wasiopungua 112 wakafa. King'ora kilipolia, wasimamizi waliwaambia wafanyakazi warudi kwenye mashine zao, na milango ilikuwa imefungwa. Septemba ya mwaka huo huo, huko Karachi, Pakistan, zaidi ya wafanyakazi 250 walikufa katika moto wa kiwanda kingine cha nguo.

SHERIA NA UMBALI

Huenda msomaji akasema kwamba haya ni matatizo ya nchi maskini. Sivyo. Tarehe 25 Machi 1911, katikati ya jiji la New York, moto ulizuka katika kiwanda cha mashati ya kike kiitwacho Triangle. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Wafanyakazi 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji wa Kiyahudi na Kiitaliano, na wengine walijirusha kutoka madirishani mbele ya macho ya umati. Wenye kiwanda walishtakiwa, wakaachiwa.

Lakini umati ule haukunyamaza. Kiwanda, duka, mnunuzi na bunge vyote vilikuwa katika jimbo moja. Mwanamke aliyenunua blauzi dukani aliweza kutembea kwa miguu hadi mahali aliposhonewa. Tume ya uchunguzi iliundwa, na katika miaka michache iliyofuata jimbo la New York lilipitisha sheria zaidi ya thelathini kuhusu milango, ngazi za moto, saa za kazi na ukaguzi. Frances Perkins, aliyeushuhudia moto ule akiwa barabarani, baadaye alikuwa Waziri wa Kazi wa Marekani.

Tofauti baina ya New York ya 1911 na Savar ya 2013, basi, si huruma ya watu. Huruma ilikuwapo kote kuwili. Tofauti ni umbali. Kadiri sheria na mishahara ilivyopanda katika nchi moja, kazi ya kushona ilihamishiwa nchi nyingine ambako sheria ilikuwa dhaifu na mshahara mdogo. Kampuni inayopanga bei imekaa bara moja, na mtu anayebeba hatari amekaa bara jingine. Hakimu wa London hawezi kumhukumu mwenye jengo wa Savar, wala hakimu wa Dhaka hamfikii mnunuzi wa London. Katika chumba ambamo bei ya shati hupangwa, mshonaji hayumo, na wahenga walikwisha kusema: asiyekuwapo na lake halipo.

Ndiyo sababu kesi za Rana Plaza zenyewe zimekwenda kwa mwendo wa kobe. Mwenye jengo alikamatwa siku nne baada ya ajali, mpakani, akikimbilia India. Mwaka 2016 mahakama iliwasomea yeye na wengine zaidi ya thelathini mashtaka ya mauaji. Miaka kumi baada ya jengo kuanguka, kesi hiyo ilikuwa haijatolewa hukumu.

SAHIHI KATIKA MKATABA

Hata hivyo, kutoka katika kifusi kile kulizaliwa jambo moja jipya ambalo mfanyakazi yeyote, wa Asia au wa Afrika, yafaa alifahamu.

Mei 2013, kabla mwezi haujatimia tangu ajali, mashirikisho mawili ya kimataifa ya vyama vya wafanyakazi, IndustriALL na UNI, pamoja na vyama vya Bangladesh, yalitiliana sahihi na kampuni za nguo mkataba kuhusu usalama wa moto na majengo. Kampuni zaidi ya 200 zilijiunga, na viwanda zaidi ya 1,600 vyenye wafanyakazi wapatao milioni mbili viliingia chini ya mkataba huo.

Ahadi nzuri zilikuwapo hata zamani. Kila kampuni ilikuwa na kijitabu chake cha maadili chenye picha za watu wanaotabasamu. Mkataba huu ulitofautiana na vijitabu hivyo kwa mambo manne. Kwanza, ulikuwa na nguvu ya kisheria: aliyetia sahihi akikiuka, angeweza kupelekwa mbele ya wasuluhishi na kulazimishwa. Pili, wakaguzi walikuwa wahandisi wasiowekwa na mwenye kiwanda, na taarifa zao zilitangazwa hadharani. Tatu, kampuni zilitakiwa kuhakikisha kwamba fedha za ukarabati zinapatikana, na mfanyakazi alinde ajira na mshahara wake hadi miezi sita endapo kiwanda kimefungwa kwa matengenezo. Nne, na hili ndilo lililo karibu zaidi na asubuhi ile ya Savar, mfanyakazi alipewa haki ya kukataa kuingia katika jengo analoliogopa, bila ya kupoteza mshahara.

Je, mkataba huo ulifanya kazi? Wahandisi walipopita, waligundua kasoro zaidi ya 100,000: nyaya zilizo wazi, milango ya chuma inayofungwa kwa nje, nguzo zilizozidiwa na uzito. Katika miaka mitano sehemu kubwa ya kasoro hizo ilirekebishwa. Kampuni mbili zilizolegalega zilishtakiwa na vyama vya wafanyakazi mbele ya Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi mjini The Hague, Uholanzi. Mojawapo ilikubali mwaka 2018 kulipa dola milioni 2.3 kwa ajili ya viwanda vilivyokuwa vikiishonea. Mwaka 2021 mkataba ulifanywa wa kimataifa, na mwaka 2023 ulifika Pakistan.

Haina maana kwamba dhiki imekwisha. Mkataba ule ulihusu kuta na moto, haukuhusu mshahara. Kima cha chini kilipanda hadi taka 5,300 mwishoni mwa 2013, kikawa 8,000 mwaka 2018, na 12,500 mwaka 2023 baada ya maandamano ambamo wafanyakazi kadhaa waliuawa. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoyafunga maduka ya Ulaya na Marekani, kampuni nyingi zilifuta oda. Kwa hesabu ya wenye viwanda wa Bangladesh, oda zilizofutwa au kusimamishwa zilizidi thamani ya dola bilioni 3, na baadhi ya nguo hizo zilikwisha kushonwa. Aliyerudi nyumbani mikono mitupu alikuwa mshonaji.

Hata hivyo somo limebaki. Maneno ya kampuni peke yake hayakuweka ngazi ya moto hata moja. Sahihi katika mkataba ziliweka. Ufaransa mwaka 2017 ilitunga sheria inayozitaka kampuni kubwa ziwajibike kwa madhara yanayotokea katika mnyororo wao, na sheria ya Ujerumani ya namna hiyo ilianza kutumika mwaka 2023. Umbali ule uliokuwa kichaka cha kujificha umeanza kupungua, ingawa wafanyabiashara wengi wangali wakipigania uendelee.

MTO NAO UNA HAKI

Mpaka hapa tumemsema binadamu. Lakini katika mnyororo huu yuko mlipaji mwingine asiye na chama cha wafanyakazi: maji.

Inakadiriwa kwamba shati moja la pamba la kawaida huhitaji lita 2,700 za maji, kuanzia shambani hadi dukani. Familia inayochota maji bombani kwa ndoo ya lita ishirini ingelazimika kwenda na kurudi mara 135. Sehemu kubwa ya maji hayo hunywewa na mpamba, na mengine ni mvua tu. Hatari kubwa iko katika kutia rangi. Kitambaa hupaushwa kwa dawa, hutiwa rangi na chumvi, kisha husuuzwa tena na tena. Maji yanayobaki yakisafishwa, hayamdhuru mtu. Kusafisha kunahitaji mitambo, umeme na mafundi, yaani fedha. Mwenye kiwanda anayeminywa bei na mnunuzi wake huona njia ya mkato: bomba linaloelekea mtoni.

Mito inayoizunguka Dhaka, kama vile Buriganga, Turag na Shitalakshya, imegeuka myeusi katika majira ya kiangazi kwa takataka za viwanda na za mji. Mwaka 2009 serikali ya Bangladesh iliitangaza mito hiyo kuwa eneo lililo hatarini. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ilitoa uamuzi wa ajabu: kwamba Mto Turag, na mito mingine ya nchi, ihesabiwe kuwa na haki mbele ya sheria kama mtu alivyo na haki. Mto waweza kudhulumiwa, na mto waweza kutetewa mahakamani.

Huko kusini mwa India, katika mji wa Tiruppur unaosifika kwa fulana, wakulima waliona maji ya Mto Noyyal yakiharibika kwa chumvi na rangi hata yakawa hayafai kumwagilia mashamba. Hawakukaa kimya. Walikwenda mahakamani, na mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Madras iliamuru mamia ya viwanda vya kutia rangi vifungwe hadi vitakapoacha kabisa kumwaga maji machafu. Viwanda vilivyofunguliwa tena vililazimika kuweka mitambo ya kusafisha na kuyatumia tena maji yale yale. Mafundi wa Tiruppur wameonyesha kwamba yawezekana. Wanaloomba ni kwamba mnunuzi alipe bei inayotosha kuiendesha mitambo hiyo, asikimbilie kwa jirani asiyesafisha.

SISI MWISHONI MWA MNYORORO

Sasa turudi nyumbani, mahali ambapo safari ya shati letu huishia. Tangu biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba imewavika Watanzania wengi kwa heshima. Wachuuzi, wabebaji na mafundi wa kupunguza nguo wamesomeshea watoto kwa biashara hiyo. Si haki kuibeza.

Lakini tunapokea pia kile ambacho wenzetu wamekitupa. Kadiri nguo mpya zinavyouzwa rahisi huko, ndivyo zinavyovaliwa mara chache na kutupwa upesi, na ndivyo ubora wake unavyoshuka. Mwenye kufungua robota anajua: zamani alitoa nguo nzima nyingi, na leo hukuta fulana zilizochakaa, zenye nyuzi za poliesta zisizooza. Hizo huishia jaani, au hutupwa mferejini zikaziba maji wakati wa masika.

Nchi za Afrika Mashariki ziliwahi kujaribu kuufunga mlango. Mwaka 2016 viongozi wa Jumuiya walikubaliana kuiondoa mitumba polepole ili viwanda vya nguo vifufuke. Wafanyabiashara wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, na nchi moja baada ya nyingine ikarudi nyuma kwa kuhofia soko lake huko. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 Marekani ikasimamisha nafuu ya kodi kwa nguo zake. Wazee wanaokumbuka Kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, na khanga na vitenge vilivyotoka humo, waliona uchungu. Lakini tukitamani viwanda virudi, tutamani pia virudi na milango isiyofungwa kwa nje, na mabomba yasiyoelekea mtoni. Shati lililoshonwa kwa dhuluma hapa kwetu halina heri kuliko lililoshonwa kwa dhuluma kule.

Familia ifanye nini? Si kususia nguo za Bangladesh, kwani vyama vya wafanyakazi vya huko havikuomba hivyo. Mamilioni ya akina mama wanaishi kwa cherehani zile. Wanachoomba ni kazi salama na yenye malipo. Ila yapo mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Nguo iliyonunuliwa itunzwe, ishonwe inapofumuka, irithiwe na mdogo mtu, kwani nguo inayodumu miaka minne imepunguza haja ya nyingine mbili au tatu. Anayenunua kwa wingi, kama vile shule, kampuni au kwaya inayoagiza sare, aulize kabla ya kulipa: zimeshonwa wapi, na watu wanalipwa nini? Fundi wa mtaani alipwe stahili yake bila ya kubembelezwa hadi ashushe chini ya gharama ya uzi. Na mfanyakazi wa kiwanda chochote, akiona ufa ukutani au mlango wa dharura umezibwa kwa marobota, asiseme peke yake. Aseme na wenzake kupitia chama chao. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwandishi alimaliza kupiga pasi, akalitundika shati lile jeupe. Mtoto alikuwa bado anangoja jibu. Akaambiwa hivi: shati ni rahisi kwa sababu wako watu wengine waliolipa sehemu ya bei yake, na mto mmoja pia.

"Wanajua kwamba wametulipia?" akauliza.

Wanajua, mwanangu. Sisi ndio tulikuwa hatujui.